Mwanangu, anza na sigara

Tandika, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Habari za Tegeta? Sisi hatujambo. Mama yako kaniambia umepimwa, sukari imekutwa juu, umeanzishiwa vidonge. Kaniambia pia kuwa sigara utaacha "sukari ikishatulia". Baba, maneno hayo niliyasema mimi kabla yako.

Unalijua kovu la kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto. Tuliwaambia niliungua na mkaa. Ilikuwa sigara. Nilikaa barazani jioni, nimevua ndala, kipande chenye moto kikanidondokea. Sikusikia chochote. Mama yako ndiye aliyetoka jikoni akiuliza nini kinaungua, akakuta ngozi imeshababuka na mimi bado naongea na jirani. Sukari ilikuwa imeharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Sigara nayo inabana mishipa ya damu, kwa hiyo kidonda kilikosa damu ya kukiponya. Miezi mitano nilikwenda kusafishwa, napanda daladala mguu umefungwa bandeji, naomba watu wasinikanyage.

Usisubiri sukari itulie. Moshi huo unaifanya insulini ya mwilini mwako, ile homoni inayoshusha sukari, ishindwe kazi yake. Kumeza vidonge huku unavuta ni kuteka maji kwa pakacha.

Nilipoacha sigara, siku ya tatu ndiyo iliyonitesa. Mikono ilitetemeka, jasho likanitoka, nikamfokea kila mtu. Hapo nisikilize vizuri: sukari ikishuka nayo huleta kutetemeka na jasho. Usikisie. Toboa kidole, pima. Na daktari ajue siku unayoacha, maana mwili ukianza kuitumia insulini vizuri, dozi ileile inaweza kukushusha sana. Kunenepa kidogo kupo, kusikurudishe nyuma.

Kuliko vyote, mimi nilisumbuliwa na kijiwe cha kahawa. Mkono ukishika kikombe, wa pili unatafuta fegi. Na wenzako watakupa, tena kwa upendo. Nilikihama kile kijiwe karibu mwaka mzima, kahawa nikanywa nyumbani. Wale waliokuwa rafiki zangu kweli walinifuata huku.

Jumamosi njoo mapema, kabla hujanywa chai, upime kwa mashine yangu. Kisha uvue viatu nikutazame nyayo, nawe unitazamie zangu. Magoti hayaniruhusu tena kuinama nikaziona.

Baba yako