Barua kwa mwanangu: kofia ile usiivae

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo. Jua ni kali, mvua bado, na ng'ombe wanatembezwa mbali kutafuta maji. Nimeiona picha uliyoweka kwenye kundi la ukoo, wewe na wenzako wawili mmevaa kofia nyeusi zenye ncha, zile za kuigiza wachawi, na chini umeandika kwamba mwisho wa Oktoba mnakwenda mji wa Salem, hukohuko Marekani, kulala kwenye hoteli yenye mizimu. Shangazi yako amejaza vicheko. Mimi nilizima simu nikaenda kukaa chini ya mwarobaini.

Sikukatazi kusafiri. Unafanya kazi usiku kucha, unageuza wagonjwa wazee ambao watoto wao wenyewe hawawagusi, na kila nikikutana na walimu wenzangu wastaafu nawaambia habari zako hadi wananichoka. Pumzika, umestahili. Lakini kofia ile usiivae.

Ulinijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba ni mchezo tu, kwamba majani yakianza kugeuka rangi watu zaidi ya milioni moja huingia mji ule katika mwezi mmoja. Ukanieleza habari za Hawthorne Hotel, kwamba ipo tangu 1925 na mmeomba chumba 612 kwa kuwa wageni husema humo anatembea mwanamke asiyeonekana. Na hoteli sina ugomvi. Fungeni mlango, salini, mlale. Ninachokiogopa kiko nje, barabarani, mtakapokuwa mnazunguka na kofia zenu mkipigana picha.

Unajua siwezi kuacha jambo bila kulisoma. Mdogo wako amenitafutia wiki nzima mpaka bando likaisha. Mwaka 1692 pale Salem walinyongwa watu 19 kwa kosa la uchawi, 14 kati yao wanawake. Mzee Giles Corey, wa miaka themanini hivi, alikataa kujibu mashtaka. Wakamlaza chini, wakampangia mawe juu ya mwili hadi akakata roho. Na ushahidi wenyewe ulikuwa huu: mtu anasimama mahakamani anasema mzuka wa fulani ulinijia usiku ukanikaba, na karani anaandika. Maneno hayo mimi na wewe tumeyasikia kwa masikio yetu, hapahapa, bila kuvuka bahari.

Alikuwapo bibi mmoja, Rebecca Nurse, miaka 71. Kwanza walimwona hana hatia. Watu wakapiga kelele, uamuzi ukarudishwa kufikiriwa upya. Akaulizwa jambo moja, akanyamaza. Alikuwa hasikii vizuri, na siku ile alikuwa amejaa huzuni. Kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa kukiri, wakamnyonga tarehe 19 Julai.

Yule masikio, bibi yako macho. Wewe ni muuguzi, utaelewa kuliko mimi. Bibi yako alipikia mavi ya ng'ombe makavu tangu usichana wake, maana upande wetu miti iliisha zamani, na jiko lake halikuwa na dirisha. Akiinama kupuliza moto, akiinuka machozi yanamtiririka, wekundu umezunguka mboni mpaka ukingoni, kope zenyewe zimenyonyoka zimebaki tatu nne. Alikuwa akiyafuta kwa pindo la khanga, na kila akifuta yanazidi kuwa mekundu. Mpiga ramli hakuhitaji kingine ili amwite mchawi. Usiku ule tulipomwondoa sitausimulia, ulikuwapo, wewe ndiye uliyembebea blanketi. Tulikwambia anakwenda kutibiwa macho. Ulikuwa na miaka tisa, ukaamini, au ulituonea huruma ukanyamaza.

Uliwahi kuniuliza kwa nini mwaka ule ulipougua nilikukataza kula kwa bibi yako. Nilikujibu jikoni kwake kuna vumbi. Vumbi lilikuwapo kila mwaka.

Sasa niambie, mtoto uliyebeba blanketi lile, umesahau lini? Hapa Shinyanga neno mchawi halijawahi kuwa la kuchekesha. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, inasema hata kumwita mtu mchawi ni kosa, na sheria hiyo ikiwapo vikongwe wetu wamekatwa mapanga usiku kwa sababu ya ramli chonganishi. Umekulia katikati ya hayo. Wenzako wa huko wana haki ya kutojua. Wewe huna.

Kama ni lazima uende, nenda asubuhi kabla umati haujaja. Kando ya makaburi ya zamani ya Charter Street kuna ukumbusho uliojengwa 1992, una viti 20 vya mawe, kila kimoja na jina la mtu na siku aliyokufa. Kwenye mawe ya kuingilia wamechonga maneno ya wale waliohukumiwa, wanamwambia Mungu hawana hatia, na sentensi zinapotelea chini ya ukuta zikiwa nusu. Tafuta kiti cha Rebecca Nurse uweke ua. Kisha nenda Proctor's Ledge, mahali penyewe waliponyongwa, penye ukumbusho wa mwaka 2017. Watu waliishi jirani na pale miaka mingi bila kuwa na uhakika ni wapi.

Na kuna mengine ya mji ule ambayo hakuna mtu wa hoteli atakayekueleza. Lile jora la merikani, kitambaa cha pamba walichokuwa wakijifunga wazee wetu, lililetwa Zanzibar na meli za Salem, na meli zile ziliondoka na pembe za ndovu zilizoshuka pwani kwenye mabega ya Wanyamwezi na Wasukuma. Kwa hiyo usitembee pale kama mgeni kabisa.

Kama mwalimu nimefurahia jambo moja. Mwanamke mmoja, Elizabeth Johnson, alihukumiwa lakini hakunyongwa, na jina lake likasahaulika kila wengine waliposafishwa. Alisafishwa 2022 tu, baada ya mwalimu wa huko Massachusetts na wanafunzi wake wa darasa la nane kulishikia bango suala lake. Darasa la nane! Nimefundisha miaka 31 na sikuwahi kuwafundisha watoto habari za vikongwe hata kipindi kimoja, na shule yetu ilikuwa na watoto wa pande zote mbili za jambo lile.

Msichana aliyewataja wengi, Ann Putnam, alikuwa na miaka 12. Mwaka 1706 alisimama kanisani, mchungaji akasoma maungamo yake mbele ya watu. Alikaa nalo miaka 14. Wengine tumekaa nalo zaidi.

Usiendeshe gari ukitoka zamu ya usiku. Lala kwanza. Beba koti lile zito, siyo la jinzi.

Bati la upande wa jiko limeng'oka kwa upepo, fundi anataka laki na nusu, nimemwambia asubiri. Shangazi yako anaoza binti yake Desemba na amekupangia mchango bila kuniuliza. Usimjibu mpaka nizungumze naye. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Michembe ya viazi nimekausha ya kutosha, nitampa yule kijana anayesafiri Novemba akuletee.

Mtungi wa gesi ulioninunulia uliisha tangu Agosti. Sikukwambia kwa sababu najua ulikuwa unalipa kodi ya nyumba. Napikia kuni, na moshi wa mwaka huu una ukali. Jumapili nilimsalimia mtoto wa jirani, akaniangalia machoni, akakimbilia kwa mama yake. Mama yake hakumkemea. Labda ni aibu ya mtoto tu. Nimenunua dawa ya matone pale sokoni, ya kijani, na sasa nikienda kanisani nakaa kiti cha nyuma.

Ile picha iondoe kwenye kundi. Wapo majirani humo.

Hela ya gesi usitume kabla ya mwisho wa mwezi. Kofia irudishe dukani, kama bado wanaipokea.

Mama yako