Ndugu Mhariri, kabla ya kumwambia mtu abadilike ulizeni kwanza wako wangapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua barua ndefu huwa mnazipunguza ila hii nawaomba msiikate sana maana ni jambo linaloniuma siku nyingi. Mimi ni msomaji wa ukurasa wenu wa ushauri. Mtu anaandika kwamba kamaliza masomo miaka imepita hana kazi, mwingine ndoa imemshinda, mwingine madeni hayamwachi alale, na majibu yanayotoka ni yale yale kila wiki, badilisha mtazamo, amka mapema, jiamini, achana na marafiki wanaokurudisha nyuma. Sisemi ni ushauri mbaya. Ila sijawahi kuona hata siku moja mkiuliza swali jepesi kabisa, hivi watu wenye shida kama hii wako wangapi?

Swali hilo ndo mwanafunzi wa sosholojia, yaani elimu ya jamii, anakutana nalo mwanzoni kabisa. Mmarekani mmoja anaitwa C. Wright Mills, alikuwa anafundisha chuo kikuu cha Columbia pale New York, mwaka 1959 alitoa kitabu chenye hoja ambayo mpaka leo inafundishwa, kwamba kuna shida ya mtu na kuna tatizo la umma, na watu wengi wanateseka kwa sababu wanabeba la pili wakidhani ni la kwanza. Mfano aliotoa ni wa ajira. Kwenye mji wa watu 100,000, mtu mmoja tu akiwa hana kazi, sawa, hapo muangalie yeye, tabia yake, ujuzi wake, nafasi zilizo karibu naye. Lakini kwenye nchi yenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakiwa hawana kazi, huwezi kukaa unamhoji mmoja mmoja anaamka saa ngapi, kwa sababu nafasi zenyewe hazipo. Na ndoa vile vile, mke na mume wakigombana ni yao wenyewe, ila ndoa 250 katika kila 1,000 zikivunjika ndani ya miaka minne ya mwanzo, hapo ujue kuna kitu kinazibana ndoa kutoka nje na hakitaondoka kwa kuwaambia watu wavumiliane.

Sasa najua kuna wasomaji wataniambia haya ni maneno ya darasani, mwenye bidii hufanikiwa popote. Kwa hao naomba niwaeleze habari za Marienthal kwa kirefu kidogo.

Marienthal ni kijiji cha Austria, si mbali na Vienna, kilikuwa na watu kama 1,500 na karibu wote walikula kupitia kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kikafungwa kati ya 1929 na 1930 wakati uchumi wa dunia unaanguka. Watafiti wakaenda kule kuangalia maisha, na ripoti yao ikatoka 1933, walioiandika ni Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel. Ungetegemea nini kwa watu waliopata muda wote duniani? Ungesema watasoma, watajifunza vitu vipya, si ndo tunavyowashauri vijana kila siku, tumia muda wako vizuri. Ikawa kinyume chake, vitabu vilivyokuwa vinaazimwa maktaba ya kijiji vikapungua sana, watu wakaacha hata vyama na siasa walizokuwa wanazipenda. Wanaume walipoulizwa jana umefanya nini saa hadi saa, wengi walishindwa kukumbuka, siku nzima imepita hawajui imeendaje. Watafiti wakakaa dirishani wakawa wanaangalia watu wanavyopita barabarani, wakaona wanaume wanatembea taratibu na wanasimama simama njiani, wanawake wanakwenda haraka kuliko wao, maana kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda. Yaani mpaka mwendo wa mtu wa kutembea ulikuwa umebadilishwa na uamuzi uliofanyika ofisini kwa watu wengine. Mimi hapo huwa nasimama kusoma nafikiri.

Halafu kuna hili la mtazamo, ambalo ndo limenifanya niandike. Watafiti wale waligawa familia kwa hali ya moyo, kuna zilizokuwa bado imara zina mipango na matumaini, kuna zilizojikubalia tu hali ilivyo, kuna zilizokata tamaa lakini nyumba bado inatunzwa, na kuna zilizoachia kila kitu, watoto wachafu, nyumba imetupwa, hakuna anayejali. Baada ya hapo wakapiga hesabu ya kipato, na hesabu ikashuka kwa mpangilio ule ule: familia imara zilikuwa na wastani wa shilingi za Austria 34 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja, zilizojikubalia 30, zilizokata tamaa 25, na zile zilizoachia kila kitu 19. Hebu zitazameni hizo namba tena. Hao wote ni majirani, kijiji kimoja, kiwanda kimoja kimewafungia, na tofauti ya kuwa na matumaini na kutokuwa nayo ilikuwa inakwenda pamoja na shilingi chache. Tukimwambia mtu wa 19 aige mtazamo wa mtu wa 34 bila kugusa hizo 15 zilizo katikati, tunakuwa tumemwongezea aibu juu ya njaa.

Kuna na suala la mwaka wa kuzaliwa, ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuulizwa anataka upi. Mtafiti Glen Elder, kitabu chake kilitoka 1974, alifuatilia maisha ya watoto wa California waliokulia kwenye ule mdororo mkubwa wa miaka ya 1930. Wa Oakland walizaliwa 1920 na 1921, kwa hiyo shida ilipokuja walikuwa wakubwa kidogo, wakawa wanasaidia nyumbani, wengine wakapata vibarua, na wengi walivuka wakawa watu wazima wenye uwezo. Wa Berkeley walizaliwa 1928 na 1929, shida iliwakuta wadogo kabisa wanategemea kila kitu kwa wazazi walioelemewa, na hasa watoto wa kiume wa kundi hilo ndo walioumia zaidi. Miji hiyo imepakana. Kinachowatofautisha ni miaka kama minane hivi, na sidhani kuna kitabu cha kujiamini kinachoweza kumrudisha mtu nyuma miaka minane akazaliwe upya.

Hata ule ushauri wa tafuta koneksheni mnaoutoa sana una mambo yake. Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kuhusu watu wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Waliosema mtu huyo wanaonana naye mara nyingi walikuwa karibu mmoja tu kati ya sita, wengine wote walipata habari kutoka kwa mtu wanayeonana naye mara moja moja au kwa nadra. Ndugu na rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe, habari mpya inatoka kwa mtu wa mbali kidogo aliye kwenye mzunguko mwingine. Sasa kijana ambaye wote anaowajua wa karibu na wa mbali hawana kazi, koneksheni atazitoa wapi, azinunue? Anaambiwa ajitume kujenga mtandao wakati mtandao wenyewe ni kitu alichorithi kama wengine wanavyorithi nyumba.

Na msidhani haya ni mawazo ya Wazungu peke yao. Ibn Khaldun, mwanahistoria mzaliwa wa Tunis, aliandika mwaka 1377 kwamba ushujaa wa watu wa jangwani unatokana na maisha yao ya kujilinda wenyewe, na watu wa mjini wanalegea kwa sababu wana kuta na watawala wa kuwalinda, siyo kwamba damu zao ni tofauti. Karne nyingi kabla neno sosholojia halijazaliwa.

Najua swali linalokuja, kwa hiyo mtu hana lawama yoyote, akae tu asubiri jamii? Hapana, na mtu akiitumia sosholojia kama kisingizio anaikosea. Mle mle Marienthal kulikuwa na tofauti kati ya nyumba na nyumba, na mtu anaamua mambo yake kila siku, anaamua kuoa, kuhama, kuacha pombe, kurudi shule. Ila anaamua akiwa ndani ya vitu asivyovichagua, bei, sheria, lugha ya darasani, kazi ya mzazi wake, vita au amani. Mwanasosholojia Émile Durkheim kule Ufaransa mwaka 1897 alichukua jambo ambalo kila mtu anaona ni la siri ya mtu mwenyewe, watu kujitoa uhai, akaonyesha kwamba viwango vyake kwenye kila nchi havibadiliki sana mwaka hadi mwaka na vinatofautiana kati ya makundi, chini kwa walioshikwa vizuri na familia na jamii, juu kwa walioachwa wapweke. Kila mmoja alikuwa na huzuni yake na sababu zake, hilo hakuna anayelikataa. Lakini kama kiwango kinafuata jinsi watu walivyoshikwa, basi kuna kazi ya kufanya kwa sisi wengine, siyo kwa mwenye huzuni pekee yake.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri ni dogo tu. Ukurasa wa ushauri ubaki, mshauri aendelee kuwapa watu moyo maana wanauhitaji. Ila barua ya aina moja ikija mara nyingi, mwandishi wenu wa habari aitoe pale kwenye ushauri akaifuatilie kama habari, aulize watu hawa wako wangapi, walikuwa wangapi miaka kumi iliyopita, ni kitu gani kilifungwa au kilipanda bei hapo katikati na nani aliamua. Halafu majibu yachapwe ukurasa ule ule, chini ya barua ya huyo aliyeandika akidhani yuko peke yake.

Msomaji wenu.