Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Afya za Wachezaji Wetu

Ndugu wanachama, wazazi, walimu wa michezo na makocha,

Habari za fedha atazisoma mweka hazina, na nakala mmeshagawiwa, kwa hiyo sitazigusa. Muda wangu nitautumia kwa jambo lililoishughulisha kamati kuliko yote: watoto wetu wanaumia, na wengi wao hawakuumizwa na mtu.

Tukisikia mchezaji kaumia, tunafikiria rafu. Rafu zipo, lakini sehemu kubwa ya yaliyotufikia ni maumivu yaliyoingia taratibu: goti, kisigino, ugoko, kiuno. Chukueni kijana wa miaka 14 mwenye kinundu kigumu chini ya goti. Mchana yuko timu ya shule, jioni akademi, wikiendi anachukuliwa ndondo, mechi za mtaani, kwa sababu ana mbio na kuna hela ya nauli. Makocha watatu, na kila mmoja anaamini anamfundisha kwa kiasi. Hakuna anayejumlisha. Akianza kuchechemea anachuliwa, anafungwa bandeji, kipindi cha pili anarudishwa uwanjani.

Kinundu hicho madaktari wanakiita Osgood-Schlatter. Katika umri wa kurefuka, sehemu ya juu ya mfupa wa muundi haijakomaa, na kano inayotoka kwenye pia ya goti inaivuta kila mtoto anaporuka au kupiga mpira. Kuchua hakukiondoi. Dawa yake ni kupunguza mazoezi, barafu, na kunyoosha na kuimarisha misuli ya paja. Kwa kawaida maumivu huisha mtoto akimaliza kukua. Maumivu ya ugokoni ndiyo ya kuogopa zaidi. Yakiwa mahali pamoja panapouma ukibonyeza kwa kidole, na hayaachi hata usiku, huenda mfupa umeingia ufa, na eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Tafadhali msimrudishe mtoto uwanjani kwa sababu tu “picha iko safi”.

Kwa wanariadha, hasa wasichana, tatizo huanzia kwenye sahani. Anakimbia asubuhi kwa chai kavu, anapungua, kocha anafurahi kuwa amekuwa mwepesi. Baadaye hedhi inakatika na mifupa inadhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huu wa nishati, ikasema wazi kuwa wavulana nao wanaupata, na mwaka 2023 ikalihuisha. Msichana aliyekosa hedhi miezi mitatu apelekwe hospitali, na wazazi tuache kuwaza jambo moja tu.

Aliyegongwa kichwa akaonekana kuzubaa anatoka, na siku hiyo harudi. Hilo halina mjadala, hata iwe fainali.

Upande wa magonjwa, kambi za UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, tunazijua: magodoro chini darasani, ndoo moja ya maji na kikombe kimoja kinachozunguka timu nzima. Mmoja akiharisha leo, keshokutwa benchi limejaa wagonjwa. Tumeomba kila mtoto aende na chupa yake na chandarua chake. Mwenye homa apimwe malaria kabla ya kitu kingine. Kumpa panadol ili amalize mechi ni kumweka hatarini.

Kazi tuliyoridhika nayo ni mafunzo ya 11+, mpango wa FIFA wa kupasha mwili kwa dakika 20. Utafiti uliofanyika Norway kwa wasichana wanaocheza mpira, uliochapishwa 2008, ulionyesha majeraha yakipungua kwa takriban theluthi moja katika timu zilizoutumia. Baadhi ya makocha wetu bado wanauona unakula muda wa mazoezi. Nawaheshimu, ila hoja hiyo siikubali.

Kamati inaleta pendekezo moja: daftari la mchezaji. Linakaa kwa mtoto, si kwa kocha. Kila kocha anaandika siku, muda wa mazoezi na maumivu aliyoyataja mtoto, na mzazi anasaini kila Jumapili. Saa za wiki zikizidi miaka ya mtoto, kwa mfano saa 15 kwa mwenye miaka 14, mzazi ana haki ya kumzuia na timu haitamwadhibu.

Pendekezo litapigiwa kura kwenye ajenda ya 6. Sampuli ya daftari iko mezani kwa katibu. Makocha wa ndondo tuliowaalika wako nasi leo. Naomba wapewe nafasi ya kuzungumza kwanza.