Moto wa jikoni ndio unaonishinda

Shangazi, shikamoo.

Naishi peke yangu na nimeamua kujipikia. Sitafuti mapishi ya sherehe. Nataka wali, mboga, mayai, maharage, chakula ambacho mtu akitoka kazini anapika, anakula, anashiba. Vipimo navifuata vizuri, ila moto ndio unaonishinda.

Chukua kitunguu. Maelekezo mengi niliyosoma yanasema kikaangwe dakika 5 mpaka kiwe cha kahawia. Changu kwa dakika hizo ama kimelainika tu na bado ni cheupe, ama kingo zimeungua na katikati ni kibichi. Juzi nilipunguza moto nikakaa nacho, nakigeuza kwa mwiko taratibu. Kilichukua karibu nusu saa, lakini mchuzi ulikuwa mtamu kuliko wote niliowahi kupika. Sasa nishike lipi? Kitunguu saumu nimeshakielewa: nakitia mwishoni, nyanya zikikaribia kuingia, kwa sababu kinawahi kuungua na kuutia mchuzi uchungu.

Wali nao una yake. Napima kikombe 1 cha mchele kwa vikombe 2 vya maji, yakichemka napunguza moto na kufunika. Jirani yangu alinifundisha nisifunuefunue, kwa kuwa mvuke ndio unaoivisha juu, na nikishazima niuache umefunikwa dakika 10. Kweli, juu unachambuka vizuri. Chini umeshika na kuungua. Nikipunguza moto zaidi, unabaki na kiini. Sufuria yangu ni nyembamba sana, je, tatizo ni hiyo sufuria au ni mimi na moto?

Maharage hayanisumbui. Nayaloweka usiku kucha, namwaga yale maji, na kwanza nayachemsha kwa nguvu, hasa yale mekundu, maana yakiwa hayajaiva yana sumu inayovuruga tumbo. Baada ya hapo ni subira tu.

Huyo jirani, Shangazi, ananishangaza. Anaweza kuwa amelipa jiko mgongo, anakata mboga, mara akasema, "Punguza moto, maji yamekwisha humo." Kasikia tu sauti ya sufuria! Nimemuuliza alijifunzaje, anasema ni mazoea. Nami ndiyo mazoea ninayoyataka, ila sijui yanatafutwaje. Nirudie wali na mchuzi uleule kila siku mpaka mkono uzoee, au nijaribu vyakula tofauti ili niujue moto kwa kila namna? Na nianze kipi ili wali na mboga viive pamoja, maana kwangu kimoja lazima kipoe kikisubiri kingine?

Mwezi ujao mdogo wangu anahamia kwangu, bado anasoma. Natamani sana awe anakula chakula cha nyumbani, cha moto, kila jioni. Kama muda uliobaki unatosha kujifunza kitu kimoja tu vizuri, niambie kiwe kipi.

Ni mimi,
Mwanagenzi wa jikoni