Taa ndogo ya ufunguo ingeniepushia siku nne za gereji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwaeleze wenye magari, na hasa mafundi wetu wa Nakuru, jambo lililoniweka gereji siku nne mwezi uliopita, ilhali tiba yake ilikuwa kitu kisichozidi punje ya mahindi.

Ganda la plastiki la ufunguo wangu lilikuwa limepasuka. Asubuhi moja niliacha gari nyumbani Njoro, nikapanda matatu hadi mjini, na katika kibanda cha kuchonga funguo kijana mmoja akahamisha ulimi wa chuma pamoja na remoti, akavitia katika ganda jipya. Niliporudi nilibonyeza kitufe na milango ikafunguka kama kawaida; ufunguo ukaingia kwenye swichi na kuzunguka bila kukwama. Stata iliizungusha injini kwa nguvu, lakini injini haikuwaka, wala haikuwaka tena siku hiyo. Kwa kuwa milango ilifunguka na swichi ilizunguka, sikuwaza kabisa kwamba kasoro nilikuwa nimeishika mkononi.

Gari lilivutwa hadi gereji. Plagi zilitolewa zikasuguliwa, chujio la petroli likabadilishwa, pampu ikatolewa kwenye tangi na kurudishwa, na siku ya nne nikaambiwa kwamba kompyuta ya injini imekufa na nitafute nyingine iliyotumika. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta wa kunikopesha pesa pale jirani aliponielekeza kwa mama mmoja ambaye ni fundi wa umeme wa magari. Yeye hakugusa spana. Alizungusha swichi bila kupiga stata, akanionyesha taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi, yenye picha ya gari na kufuli.

"Mwalimu, taa hii ilipaswa kuzimika mara tu swichi inapowashwa," akaniambia. "Tazama inavyopepesa. Gari halijautambua ufunguo wako. Je, umefunguliwa hivi karibuni?"

Aliubandua ule ufunguo kwa ncha ya kisu, na ndani tukaona kijipango kilichokuwa kitupu. Tukarudi kibandani, kijana akamwaga mezani mkebe wa maganda ya zamani, na langu nikalitambua kwa utepe mweusi niliokuwa nimelizungushia. Ndani yake kulikuwa na kipande cheusi kama kijimkaa, kimegandia kwenye gundi. Fundi alikishikilia kwa kidole kando ya swichi huku mimi nikizungusha ufunguo. Taa ikazimika, na injini ikawaka papo hapo.

Kile kipande ni chipu ya mtambo wa kuzuia wizi, ambao mafundi huuita imobilaiza. Haina betri. Swichi ya ufunguo imezungukwa na koili ya waya ambayo huipa chipu nguvu kwa mawimbi, nayo chipu hujibu kwa namba yake ya siri; namba hiyo isipolingana na ile iliyohifadhiwa garini, kompyuta huinyima injini petroli au cheche. Magari mengine hayaruhusu hata stata kuzunguka, na mengine huwaka kwa sekunde moja au mbili kisha yakazimika. Remoti ya milango ni kitu kingine kabisa, chenye betri yake, na ndiyo maana milango yangu ilinidanganya. Katika nchi za Umoja wa Ulaya magari mapya yalilazimishwa kuwa na mtambo huu kuanzia mwaka wa 1998, na magari mengi yaliyotumika tunayoagiza kutoka Japani huja nao, kwa hiyo si jambo geni ambalo gereji inaweza kusema haijawahi kukutana nalo.

Baada ya hapo nilimuuliza yule fundi maswali mengi, naye akanijibu kwa subira ninayomshukuru kwayo. Alisema kwamba kabla ya kufungua nati yoyote mtu aitazame taa hiyo, kisha ajaribu ufunguo wa pili ikiwa anao. Funguo mbili zenye chipu zikiwa kwenye pete moja huweza kuvurugana, kwa hiyo ule unaotumika utengwe na wenzake. Betri ya gari iliyochoka nayo huleta dalili zinazofanana na hizi: betri nzima iliyotulia huwa na takriban volti 12.6, lakini ikishuka mno wakati stata inapozunguka, kompyuta hushindwa kuwasiliana na ufunguo. Kwa magari ya kubonyeza kitufe, betri ya ufunguo ikiisha, mara nyingi inatosha kukanyaga breki, kuugusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, kisha kukibonyeza. Aliongeza kwamba king'ora kilichofungwa baadaye hapa nchini kina waya zake za kukata moto, na hakihusiani na taa ya ufunguo hata kidogo.

Lililonishtua zaidi ni habari ya kompyuta. Kompyuta iliyotumika huja na namba za funguo za gari ilikotoka, kwa hiyo bila kuprogramiwa ingeukataa ufunguo wangu vilevile, nami ningekuwa na deni pamoja na gari lisilowaka. Wapo pia wanaoshauri mtambo wote uondolewe ili kumaliza udhia. Mimi siukubali ushauri huo, kwa maana ni kumwachia mwizi gari ambalo waya mbili zikigusishwa litawaka.

Ninawaomba vijana wa vibanda vya funguo wasilitupe ganda la zamani kabla ya kulipasua na kuhakikisha chipu imehama, na wamkabidhi mteja ganda hilo akiwa pale pale. Mafundi wa gereji nawaomba waangalie taa ya ufunguo kabla ya kushusha pampu. Wauzaji wa magari nao watoe funguo zote mbili, au wamwambie mnunuzi waziwazi kwamba upo mmoja. Langu nilikabidhiwa na ufunguo mmoja, nami sikuuliza. Kunakili chipu wakati ufunguo unaofanya kazi upo ni kazi ndogo, lakini funguo zote zikipotea, huenda fundi akalazimika kuitoa kompyuta yenyewe na kuiandika upya, na gharama yake ni kubwa mara nyingi zaidi. Wiki iliyopita nilichongesha wa pili, nikaujaribu mbele ya fundi hadi taa ikazimika, ndipo nikamlipa.

Mwalimu mstaafu,
Njoro, Kaunti ya Nakuru