Kemia ya kaboni: chora ramani kabla hujakariri

Kila mwaka mtihani wa KCSE ukikaribia, wazazi hutupigia simu sisi walimu wa masomo ya ziada na ombi moja: mtoto yuko kidato cha nne, kemia nyingine anaiweza, ila ya kaboni imemshinda. Tunawapokea. Lakini kwanza tungependa mzazi ajue tatizo liko wapi, kwa sababu mara nyingi si uvivu.

Alkani, alkeni na alkaini, yaani misombo ya kaboni na haidrojeni pekee, husomwa kidato cha tatu. Alkoholi na asidi za alkanoiki husubiri kidato cha nne. Mwanafunzi huziandika kwenye madaftari mawili tofauti, halafu mtihani unamletea mchoro mmoja wa mishale unaozipitia zote. Kijana mmoja alitujia na daftari safi kabisa, kila mlinganyo umepigiwa mstari mwekundu. Tukamwuliza: una ethanoli, unataka etheni, utafanyaje? Akanyamaza. Jibu lilikuwa humo humo daftarini, ila hakujua kwamba ndilo tunalouliza.

Kwa hiyo hapa kwetu Buruburu, Nairobi, tunaanza na karatasi moja. Katikati andika ethanoli, ile pombe iliyomo kwenye vileo. Mshale wa kwanza unakwenda kwenye etheni, na juu yake unaandika asidi ya salfuriki iliyokolea, nyuzi 170 hadi 180. Wa pili unakwenda kwenye asidi ya ethanoiki: potasiamu manganeti yenye asidi, na zambarau yake inapotea. Ukitumia potasiamu dikromati, rangi ya machungwa inageuka kijani. Kisha unganisha ethanoli na asidi hiyo ya ethanoiki, tone la asidi ya salfuriki na moto kidogo, upate esta yenye harufu ya matunda. Mshale usioandikwa kitu juu yake hauna alama, na hapo ndipo wengi wanapozipoteza.

Nyuma ya ethanoli weka glukosi na hamira, pasipo hewa. Hili halihitaji kukaririwa na mtu aliyewahi kusikia busaa ikitengenezwa. Hata chang'aa, inayopatikana kwa kukusanya mvuke wa pombe iliyochemshwa, inaeleza somo: ethanoli huchemka kwa nyuzi 78 na maji kwa 100, ndiyo maana mvuke wa mwanzo huwa na pombe nyingi.

Kesho yake funika ramani, uichore upya bila kuchungulia. Mkono unapokwama, hapo ndipo pa kusoma jioni hiyo. Pengine pote pumzisha.

Kwenye michoro ya molekuli tunasisitiza jambo moja tu: kila kaboni ina mikono minne, yaani vifungo vinne vya kuishikanisha na atomu nyingine. Ihesabu kabla ya kwenda swali linalofuata. Kaboni yenye mikono mitano tunaiona kila wiki, hata kwa wanafunzi hodari.

Karatasi ya tatu, ile ya maabara yenye alama 40, inataka lugha makini. Etheni ikipita kwenye maji ya bromini, rangi inapotea na maji yanabaki bila rangi. Usiseme yamekuwa maangavu. Chai ya rangi nayo ni angavu, unaona chini ya glasi, na bado ina rangi. Kwa asidi ya ethanoiki, tia sodiamu haidrojeni kaboneti uone mapovu. Ethanoli haitoi mapovu hayo.

Mtihani ni wa Kiingereza na majina yote yataandikwa hivyo, nasi tunayafanyia mazoezi. Ila maelezo tunayatoa kwa Kiswahili kwanza, maana tumeona mara nyingi mwanafunzi akishindwa na sentensi, si na kemia.

Tunakutana Jumamosi alasiri, wanafunzi wasiozidi wanane, kila mmoja akichora ubaoni kwa zamu. Mzazi anakaribishwa kuketi nasi siku ya kwanza. Mwanafunzi aje na penseli na karatasi tupu, daftari abaki nalo kwenye mkoba hadi tumalize ramani.