Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: vuli na bamvua zitangazwe pamoja

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Mimi ni mkazi wa Hananasif na mwalimu wa jiografia. Naandika kabla vuli haijaanza, kwa sababu ombi langu lina faida likifika sasa, si maji yakishaingia vyumbani. Naomba kamati ya maafa ya mkoa itoe tahadhari moja inayounganisha mambo mawili ambayo leo tunayasikia kila moja kivyake: mvua inayotarajiwa, na saa ambazo bahari itakuwa imejaa, hasa siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Saa za maji kujaa huzipanga mwezi, lakini mvua inayopita kiasi na bahari inayopanda kuliko kawaida zinaweza kuwa na chanzo kimoja. Katika mwaka wa kawaida, maji ya moto ya Bahari ya Hindi yamelundikana mashariki, upande wa Sumatra, na mawingu mazito yanamwaga mvua huko. Kuna miaka hali inageuka. Maji ya Sumatra yanapoa, upepo wa kwenye ikweta unavuma kuja huku kwetu, na maji ya moto yanasogea upande wa Afrika. Hewa iliyo juu yake inashiba unyevu, nayo vuli inapita kiasi. Wanasayansi wanaiita dipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Jina lenyewe ni la mwaka 1999, lakini athari zake wazee wanazikumbuka: mwaka 1961 mvua zilinyesha Afrika Mashariki hadi Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache. Mwaka 1997 dipoli iliungana na El Niño. Ya 2019 ilikuwa miongoni mwa kali zaidi kuwahi kupimwa. Mwaka 2023 ikaja tena pamoja na El Niño, na tarehe 3 Desemba tope la Mlima Hanang likafukia sehemu za mji wa Katesh, mkoani Manyara.

Lisilosemwa sana ni kwamba upepo uleule unaotuletea mawingu unaisukuma na bahari yenyewe. Tena maji yakipata moto yanatanuka. Basi upande wa Sumatra usawa wa bahari unashuka, na upande wetu unapanda. Pwani yetu ongezeko hilo ni la sentimita, si la mita, na mtu aliyekaa Coco Beach hawezi kuliona kwa macho. Lakini sentimita hizo zinapanda juu ya bamvua, ambayo tofauti yake ya kujaa na kupwa inazidi mita 3. Na zinapanda juu ya bahari ambayo kwa wastani wa dunia imeshainuka karibu sentimita 20 tangu mwaka 1901, na kati ya 2006 na 2018 ilikuwa ikiongezeka milimita 3.7 kila mwaka.

Sasa tuje Msimbazi. Mto unatoka vilima vya Pugu, unakusanya maji ya vitongoji chungu nzima, unapita Kigogo na Jangwani, halafu unaingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Selander. Bonde la chini ni tambarare kabisa. Mheshimiwa, siku ya bamvua nenda Selander saa nne asubuhi. Utaona tope limeachwa wazi, mizizi ya mikoko iko nje, na maji ya mto yanakwenda zake bila kizuizi. Rudi saa kumi jioni. Maji ya chumvi yamepanda, na mto umesimama, hauna pa kumwaga. Bamvua hapa kwetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na mvuvi yeyote wa Kunduchi atakuambia hivyo bila kufungua kitabu.

Kwa hiyo mvua ya kiasi kilekile ikishuka Pugu inaweza kupita salama, au inaweza kutukuta tumelala. Inategemea imefika Jangwani saa ngapi, na mwezi uko wapi. Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, na zile za Oktoba bado zina nguvu wakati vuli inaanza. Dipoli nayo huwa katika kilele chake kati ya Septemba na Novemba. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Habari njema ni kwamba vuli inatabirika kuliko masika. Dalili za dipoli huanza kuonekana Juni au Julai, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza. Saa za maji kujaa na kupwa hujulikana mwaka mzima kabla. Hakuna kifaa kipya cha kununua ili kuviweka pamoja. Naomba karatasi moja tu: kalenda ya Oktoba hadi Desemba yenye siku za bamvua na saa za maji kujaa, ibandikwe katika kila ofisi ya serikali ya mtaa ya bondeni, kuanzia Kigogo mpaka Hananasif. Na kila tahadhari ya mvua kubwa inapotolewa kwa jiji, itaje saa hizo. Mama mwenye watoto wanne anayesikia "mvua kubwa kesho" hajui aondoke lini. Akisikia "maji yatajaa saa kumi alfajiri, ondokeni kabla ya saa sita usiku", anajua.

Sidai kwamba dipoli ndiyo chanzo cha kila mafuriko. Masika haifungamani nayo hivyo, na mji umejengwa hadi ndani ya njia za maji. Mradi wa kuliboresha Bonde la Msimbazi unashughulikia hayo, nami nauunga mkono. Ila ujenzi huchukua miaka, na vuli haisubiri.

Tena bahari hiyohiyo hugeuka upande wa pili. Dipoli hasi ya 2022 iliinyima nchi mvua za vuli, Mto Ruvu unaotuletea maji ukapungua, na jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Kamati ikiizoea bahari kwa ajili ya mafuriko, taarifa hizohizo zitaisaidia kuwaambia watu mapema wahifadhi maji.

Kama kamati itahitaji mtu wa kuiandaa kalenda hiyo, niko tayari kuifanya na wanafunzi wangu bila malipo.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa Hananasif, Kinondoni